Kitufe cha Kijani

Saa sita mchana ya Ijumaa, wasichana tisa tu kati ya arobaini walikuwa wamekubali nafasi zao chuoni, na mimi nilikuwa nimekwisha kunywa vikombe vinne vya chai bila kukaa.

Siwezi kukaa nikiwa na wasiwasi. Mama anasema alinizaa njiani, kati ya Kajo Keji na mpaka wa Uganda, watu wakikimbia, na tangu siku ile miguu yangu haijapata habari kwamba tumefika. Basi nilikuwa nazunguka chumba chetu cha kazi pale mtaa wa Buluk, Juba, dirishani hadi mezani kwa Apollo, mezani kwa Apollo hadi dirishani, simu mkononi, nikiifungua upya ile tovuti kila nikifika ukutani. Tisa. Nikageuka. Tisa.

"Keji, wewe nazunguka mpaka mimi naona kizunguzungu," Apollo akasema. "Kaa chini, nyabo."

Apollo ndiye mwenye ofisi. Ni Mganda mnene, mpole, anayemwita kila mwanamke nyabo, yaani bibi, aliyekuja Juba miaka kumi na miwili iliyopita kuuza kompyuta akaishia kutengeneza tovuti. Anaabudu skrini kubwa. Mezani kwake ipo moja ambayo ukikaa mbele yake lazima ugeuze shingo ndipo uone pembe zote. Tumegombana juu ya jambo hili tangu wiki yangu ya kwanza. Yeye anasema mteja wetu ni mkurugenzi, mkurugenzi ana kompyuta, basi pamba kompyuta. Mimi namwambia atoke nje, ahesabu watu mia moja kutoka hapa hadi soko la Konyo Konyo, kisha aniambie wangapi wamebeba kompyuta kichwani.

Kazi ya chuo cha wakunga niliipigania mimi. Chuo kile kilikuwa na desturi yake. Majina ya waliochaguliwa yalibandikwa langoni, na kila aliyechaguliwa alikuja kuweka kidole gumba kwenye kitabu kikubwa cha Ustaz Lukudu, msajili, kuonyesha kwamba nafasi anaitaka. Asiyefika kabla ya saa ya mwisho, nafasi yake ilikwenda kwa mtu wa orodha ya akiba. Chuo hupokea wanafunzi kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo kukosa si mchezo. Mimi nilikwenda kwa Ustaz nikamwambia, kwa mdomo huu huu, kwamba kitabu chake kilipitwa na wakati kabla mimi sijazaliwa. Msichana wa Gumbo avuke daraja, abadilishe boda mara mbili, aje kupaka wino kidoleni, wakati simu anayo mkononi?

Ustaz Lukudu alinitazama juu ya miwani yake.

"Na simu ikikataa?"

"Haitakataa, Ustaz. Naitengeneza kwa ajili ya simu kwanza. Kompyuta baadaye."

"Wewe naweka kichwa yako hapa?" akauliza, akigonga jalada la kitabu kwa kidole.

"Naweka," nikasema, na nikacheka. Yeye hakucheka.

Niliitengeneza kweli kweli. Upande wa kompyuta nilimwachia Apollo, akaweka jedwali refu na picha kubwa ya jengo la chuo inayotembea polepole. Upande wa simu nilikataa kila pambo. Niliwapanga wasichana kwa mitaa yao, kila mtaa na ukurasa wake, ili mtu asihangaike kushuka na kushuka akitafuta jina. Mangateen majina kumi na moja, Gumbo sita, Hai Malakal manne, hivyo hivyo. Chini ya majina nikaweka kitufe cha kijani, kipana, cha kutosha kidole gumba cha mtu anayelima, chenye neno la kukubali kwa Kiingereza na Kiarabu. Ukibonyeza, kinakuuliza namba yako ya mtihani, unaandika, basi. Nilikijaribu kwenye simu ya bei ya chini kuliko zote, kioo kimepasuka, mahali ambapo mtandao ni wa kuvizia. Kikafunguka. Nilijisifu wiki nzima mpaka Apollo akaanza kuvaa spika masikioni.

Majina yalitoka Jumatano asubuhi. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Sasa ilikuwa saa sita, na waliokubali ni tisa. Kisha nikachungulia takwimu. Wote tisa walikubali kwa kompyuta. Walikuwa wasichana wenye wajomba maofisini. Kwa simu ukurasa ulifunguliwa mara kumi na nne tu, na hakuna hata mtu mmoja aliyebonyeza.

"Mimi iko nasema kila siku," Apollo akaanza.

"Usiseme."

"Sisemi. Mimi nauliza tu. Kitufe nafanya kazi?"

Tulikijaribu kwa simu yangu. Kilifanya kazi. Kwa simu yake. Kilifanya kazi. Nikatoka nje nikamwomba simu mwanamke anayeuza chai mlangoni, nikabonyeza mara tatu, kikaniuliza namba mara tatu. Kila kitu kilikuwa sawa, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Kosa ukiliona unalishika shingo. Hili sikuliona.

Nikachukua orodha ya namba za simu kutoka kwenye fomu nikaanza kupiga. Wasichana thelathini na mmoja. Namba ya kwanza ilikuwa ya mjomba aliye Wau, akaniambia mtoto yuko Juba. Namba ya pili imezimwa. Ya tatu akaitika mchungaji wa kanisa, akasema hamjui msichana huyo. Namba ya Achai wa Gumbo, aliyewashinda wote arobaini kwa alama, ilikuwa imezimwa. Nilimpigia Achai mara sita siku ile kati ya simu nyingine zote, na mara sita ilikuwa imezimwa.

Ya kumi ikaitikwa na mwenyewe.

"Nani?"

"Naitwa Keji, wa tovuti ya chuo cha wakunga. Wewe ni Nyamal?"

"Ndio mimi." Sauti ikabadilika, ikawa ya mtu aliyesimama wima. "Kwani tunaanza lini?"

"Nyamal, mbona hujakubali nafasi yako?"

"Sista, si nishakubali! Nimebonyeza tangu Wednesday. Asubuhi nabonyeza, jioni nabonyeza. Leo nimebonyeza mpaka dole inauma." Kiswahili chake kilikuwa cha Kakuma, cha watoto waliokulia kambini Kenya. "Kwani haijaenda?"

Nikafungua seva, kompyuta inayotunza majibu ya tovuti, huku yeye yuko sikioni. Hakuna. Si leo, si jana, si Jumatano.

"Uko wapi?" nikauliza.

"Mangateen. Kwa Anti Prossy, pale wanachaji simu."

"Usitoke hapo."

Apollo alisema nimpigie Ustaz Lukudu kwanza. Nikamuuliza nimwambie nini, kwamba kitufe kinafanya kazi ila hakifanyi kazi? Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Kichwa changu kilikuwa juu ya lile jalada, na nilitaka kwanza kujua kinakatwa kwa kosa gani. Nikachukua boda.

Mwendeshaji alikuwa mwangalifu, jambo ambalo siku nyingine ningelishukuru. Nilimpiga bega kila kwenye shimo. "Mama, barabara si yangu," akasema mwishowe, nami nikafyata ulimi hadi Mangateen.

Kibanda cha Prossy ni cha mabati, na mbele yake kuna ubao uliojaa simu, labda thelathini, kila moja na waya wake na kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Prossy mwenyewe ni Mganda wa Arua, ana sauti ya kuuza nyanya ingawa hauzi nyanya. Kando ya ubao alisimama msichana mrefu mwenye sketi ya shule iliyoisha rangi, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Nyamal?"

"Ndio. Sista, ona." Hakusubiri nivute pumzi. "Jina langu hili, ya nne. Naona jina langu. Halafu nabonyeza hapa."

Akabonyeza. Majina kumi na moja, kitufe cha kijani, herufi zangu, rangi yangu. Hakuna kilichotokea.

"Halafu unafanya nini?"

"Nangoja. Meseji nayo hungoja network, halafu inaenda yenyewe. Nilijua hii iko hivyo."

Nikaichukua ile simu nikabonyeza mwenyewe. Kimya. Nikabonyeza mara mbili haraka, na kitufe kikavimba, kikajaa kioo kizima, kingo zake zikawa na ukungu. Nikakirudisha kikawa kidogo. Ndipo nikaona kule juu kabisa, kwenye pembe. Saa nne na dakika arobaini na mbili. Betri asilimia kumi na saba, nyekundu.

Nikatazama simu yangu. Ilikuwa saa nane kasoro.

"Nyamal, hii umeitoa wapi?"

"Kwa Anti Prossy."

"Mimi ndio nafungua!" Prossy akasema, akijigonga kifua, amefurahi kwamba ametajwa. "Wednesday asubuhi, na bando yangu mwenyewe. Mtaa yote nafungua, natoa picha ya skrini, natuma kwa wasichana yote na blututhi. Blututhi haikuli bando. Wa Gudele nakuja hapa nachukua yao. Wa Gumbo mimi natumia dada moja huko, yeye napeana. Nyabo, ni wewe ulitengeneza hii?"

"Ni mimi."

"Asante sana. Ni safi! Zingine lazima utoe picha kumi, majina nakatika katikati. Hii yako naingia yote kwa picha moja."

Nilikaa chini. Ukiacha kiti cha boda, kwa mara ya kwanza siku ile nilikaa, juu ya kopo la rangi lililogeuzwa, na nilitaka kumkasirikia mtu na sikumpata. Prossy alitumia bando lake kwa ajili ya watoto wa watu. Nyamal alibonyeza alipoambiwa abonyeze. Mimi nilijaribu simu mbovu, nikajaribu kioo kilichopasuka, nikajaribu mtandao wa kuvizia. Sikujaribu simu isiyo na mtandao kabisa, inayoiona dunia kwa picha iliyotolewa kwenye simu ya mtu mwingine, na mimi nimeishi Juba, nimepokea picha za namna hiyo mara ngapi! Matangazo ya misiba, ratiba za kanisa, matokeo ya mitihani, yote hutembea hivyo. Lau ningefanya vibaya, lau ukurasa ungekuwa mzito na mrefu kama wa Apollo, picha isingetosha na watu wangelazimika kuingia wenyewe. Nililipamba kosa langu mpaka likawa rahisi kubeba.

"Haijaenda?" Nyamal akauliza.

"Hii ni picha," nikasema. "Umebonyeza picha."

Hakulia. Aliichukua simu yake kwangu taratibu akaitazama, kisha akatazama ubao wa simu, kisha njia.

"Mwaka juzi nilikuwa wa akiba," akasema. "Namba tatu. Nilikaa pale gate ya chuo siku mzima nikingoja mtu asikuje. Wote walikuja. Kila mtu aliweka kidole. Mama yangu alifia hapa, na mtoto tumboni. Mkunga aliitwa asubuhi, akafika jioni. Hapa Mangateen mzima hatuna wetu. Sasa nafasi ni yangu halafu nimebonyeza picha."

Nikasimama. Nikafungua ukurasa wa kweli kwa simu yangu. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, nikatembea nacho mpaka nyuma ya kibanda na kurudi, hatimaye majina yakatokea. Nikamnyooshea.

"Hii ndiyo yenyewe. Bonyeza hapa, andika namba yako, tumemaliza."

Nyamal akaweka mikono nyuma, akatikisa kichwa.

"Zii."

"Nyamal, muda unakwenda!"

"Hata ile nilijua ndiyo yenyewe. Hii na ile ziko aje tofauti? Ni hiyo hiyo rangi." Hakupandisha sauti, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angenitukana. "Kitabu iko? Ile ya kidole?"

Nilitaka kumweleza kuhusu seva. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa. Kisha nikaona anavyoitazama simu yangu, na nikaufunga.

Nikampigia Ustaz Lukudu.

"Ustaz, toa kitabu."

Nilimsikia akivuta kiti. "Kitabu hakuenda mahali. Mimi iko nakalia. Kiti ilikuwa fupi. Kichwa yako nakuja?"

"Kinakuja, Ustaz. Wasichana thelathini na mmoja walibonyeza picha. Naomba uwapokee kwa kidole."

"Natoa meza langoni. Lakini shuf, ona, Keji. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja. Gari ya bodi ya chuo nakuja kuchukua orodha. Kalas, basi."

Nilipokata simu, Nyamal alikuwa tayari anafikiri mbele kuliko mimi. "Na hao wengine? Rejoice wa hapa nyuma, na wale wa Gudele? Simu zao mtapiga wapi, si ziko hapa kwa waya?" Akaonyesha ubao. "Tuma picha ingine. Picha inafika."

Kazi yangu bora ya mwaka ule niliifanya kwa kalamu ya wino mzito juu ya kipande cha katoni la sabuni. Hakuna rangi, hakuna kitufe. Usibonyeze. Njoo chuoni leo kabla ya saa kumi na moja, njoo na kidole. Nikaandika kwa Kiingereza, Nyamal akasema maneno ya Kiarabu cha Juba nikayaandika chini, herufi kubwa mpaka katoni likaisha. Nikalisimamisha juani nikalipiga picha, nikamtumia Prossy. Prossy akaanza kuzichukua simu ubaoni moja moja, simu za watu, bila kumuuliza mwenyewe, huyu akituma na Nyamal akipokea, akiita majina yaliyo kwenye plasta. "Hii ya kaka wa Rejoice. Hii ya fundi, dada yake yuko kwa list. Hii sijui ni ya nani, tuma tu." Watu waliokuja kuchukua simu zao walikuta picha ndani, wakauliza, wakaambiwa, wakaondoka mbio. Prossy akampigia yule dada wa Gumbo mara mbili. Mara ya pili akaitika, akasema amesikia, atatuma.

Tulitoka Mangateen saa tisa na nusu, wawili nyuma ya boda moja. Safari hii mwendeshaji hakuwa mwangalifu. Nilitamani awe mwangalifu zaidi na wakati huo huo nilitamani aruke.

Langoni pa chuo kulikuwa na mstari. Sikuamini macho yangu. Wasichana kumi na wawili, kumi na watatu, mmoja kanga kichwani na unga mikononi, mmoja amekuja na mtoto wa dada yake mgongoni, wengine wakishuka bodaboda watatu watatu. Kila mmoja ameshika simu na kuielekeza mbele kama tiketi, na kwenye kila kioo lilikuwepo katoni langu la sabuni. Ustaz Lukudu alikaa kwenye meza ndogo, kiti chake sasa kifupi, kidevu karibu na kitabu. Hakuniambia neno. Alifungua kikopo cha wino na kusema, "Ingine."

Nyamal alipofika mbele, akatoa namba yake ya mtihani kwa kichwa. Ustaz akatafuta jina, akamshika mkono, akalowesha kidole na kukikandamiza. Nyamal hakukiondoa haraka. Alipokiondoa, akainama kutazama.

"Imeenda?"

Ustaz akakigeuza kitabu kizima kumwelekea. Alama ya kidole chake ilikuwa pale, mistari yote, bado mbichi.

"Imeenda," akasema Ustaz.

Nyamal akajitoa kwenye mstari, akakaa chini kando ya ukuta, akafunika uso kwa mkono ule mwingine, usio na wino. Mimi nikaanza kuhesabu.

Saa kumi na nusu walikuwa ishirini na sita pamoja na wale tisa. Saa kumi na moja kasoro robo, thelathini na mmoja. Nilikuwa natembea kutoka langoni hadi barabarani, barabarani hadi langoni, nikimpigia Achai. Imezimwa. Wa Gumbo watatu walifika kwa boda moja, nikawauliza, wakasema Achai anakaa ng'ambo ya shule, hawakumwona. Thelathini na wanne. Imezimwa. Gari jeupe la bodi likaja likasimama, injini inanguruma.

Saa kumi na moja Ustaz Lukudu akachukua kalamu nyekundu.

"Ustaz, dakika kumi. Sita tu wamebaki."

"Hapana."

"Dakika tano! Kosa ni langu, si lao. Achai ni wa kwanza kwa alama, Ustaz, wa kwanza!"

Akavua miwani. "Unaona wale?" Akaonyesha kwa miwani upande wa pili wa barabara. Nilikuwa nimepita mbele yao mara ishirini bila kuwaona. Wasichana wanane, wamekaa juu ya mawe, wanatutazama. "Hao ni wa akiba. Nakaa hapo tangu asubuhi. Mimi nawaambia nini, kwamba saa ya mwisho si mwisho?"

Nyamal alikuwa amewaona pia. Alikuwa anawatazama tangu alipoondoa mkono usoni.

Ustaz akapiga mstari mwekundu. Akasoma majina sita kutoka orodha ya akiba, na sita kati ya wale wanane wakasimama. Mmoja alipiga kelele ya furaha, na nilimchukia kwa muda ambao hautoshi kupepesa jicho, kisha nikajichukia mimi. Wakaweka vidole. Karatasi ikaingia ndani ya gari, gari likaondoka.

Saa kumi na moja na dakika ishirini, Achai akaja.

Nilijua ni yeye kabla hajasema. Hakuwa anakimbia. Wengine wote walikuja mbio, jasho na vumbi, yeye alikuja anatembea kwa miguu yake, nywele amesuka upya, blauzi imepigwa pasi, kwenye mkono wake ndoo mpya ya plastiki yenye karatasi ya duka bado imebandikwa. Akasalimia kila mtu, mmoja mmoja, Ustaz kwanza.

"Samahani kwa kusumbua," akasema. "Simu yangu ilikosa chaji tangu jana, sasa nimepita kuchaji hapo njiani. Nilikuja kuuliza. Kwa ile orodha ya vitu vya bweni, ndoo ni moja au mbili?"

Ustaz Lukudu alikuwa anafunga kikopo cha wino, akakizungusha kifuniko, akakizungusha tena ingawa kilikuwa kimeshakaza.

"Wewe umepata picha?" Nyamal akamuuliza. "Ya katoni?"

"Katoni gani?" Akatutazama mmoja baada ya mwingine, na nikaona tabasamu lake linaanza kutafuta mahali pa kukaa. "Mimi nilibonyeza. Siku ile ile ya kwanza nilibonyeza." Akatoa simu akanionyesha, labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu. "Ona."

Majina sita ya Gumbo, lake juu kabisa. Kitufe changu cha kijani. Pembeni, betri asilimia kumi na tisa, na saa nne na dakika thelathini na nane za Jumatano, wakati bado nafasi yake ilikuwa yake.

Nilijua ni picha. Hakuna mtu Juba nzima aliyejua hilo kuliko mimi. Nikaweka kidole gumba changu juu ya kijani, nikabonyeza, nikangoja.